Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Nyuma ya bili ya umeme napiga mstari wa penseli:
kushoto saa, kulia peso.
Crisanto ametoka lindo la usiku,
soksi bado miguuni, macho bado yana taa ya geti.
Jumapili, anasema. Hii, si ile.
Ile nyingine bosi keshaikamata.

Feri inaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Ya mwisho kurudi, saa kumi na moja jioni.
Kumi na moja kwa kumi na moja,
siku imefungwa ncha zote mbili
kama puso, ule wali wa kushonewa ndani ya kuti changa
ambao mama mkwe ataamka saa nane kuuchemsha
hata tukimkataza. Hasa tukimkataza.

Natoa.
Saa mbili za maji.
Saa moja ya pikipiki yenye kigari ubavuni,
watano sisi, na dereva, na kuku wa dereva kama anaye.
Saa moja nyingine ya kurudi gatini,
saa moja ya foleni.
Zinabaki saba.
Saba! Jirah anaruka, kama kwamba nimezitengeneza mimi.

Mimi hushona nguo za kuogelea.
Miaka tisa, kiwandani Mactan, meza ya sita:
kamba za mabega, mia nne kwa zamu,
nyekundu za Osaka, za maua za Hamburg.
Nazijua bega za wanawake nisiowajua.
Yangu sina.
Nitaingia majini na fulana ya kampeni ya diwani aliyeshindwa
na kaptula ya Crisanto,
kama wanawake wote wa mtaa wetu,
na bahari haitaniuliza risiti.

Upande wa peso ni mkaidi.
Nauli: wakubwa watatu, wadogo wawili,
na Yuno atakunja magoti apimwe mfupi.
Kibanda cha kupanga ufukweni: nakifuta.
Tunalo turubai.
Samaki wa kuchoma: nafuta. Naandika tena.
Nafuta mkia, nabakiza kichwa.
Soda: tutaona.
"Tutaona" nimeiandika mara tatu, na kila mara
Crisanto ameisoma kwa sauti, akicheka puani.

Yuno anataka ndoo.
Ndoo ipo, ya rangi ya ukuta,
bluu imekauka chini, gumu, inang'aa.
Bahari ndiyo hiyo, baba yake anamwambia,
wewe ongeza maji tu.

Mama Pasing anaweka tangawizi mezani,
kipande kama kidole gumba cha fundi seremala.
Ya kichefuchefu, anasema. Iandike.
Haina bei, mama, ni ya bustanini.
Iandike.
Naiandika.

Redio ya jirani inataja upepo, mashariki, mbali.
Walinzi wa pwani wakipandisha ishara
hakuna chombo kinachong'oka, na nauli ni ya wiki ijayo
ambayo si yetu.
Hilo siliandiki.
Mambo mengine ukiyaandika umeyaita.

Ndipo Jirah, kidevu juu ya meza:
Na meli ya mwisho ikituacha?

Kimya.
Crisanto anavua soksi moja, anaishika.
Natazama karatasi: Jumatatu, cherehani saa moja kasoro,
lindo lake saa kumi na mbili, gwaride la shule,
madirisha ambayo hatujawahi kuyaacha wazi usiku.
Watu hulala gatini, nasikia, kwenye mabenchi,
na asubuhi jua huwakuta hapo hapo walipokuwa wanaliangalia likizama.

Haituachi, nasema.
Tutafika mapema. Nimeshapiga hesabu.

Hakuna anayebisha.
Lakini mama Pasing, bila kumtazama mtu,
anafungua sanduku la chini ya kitanda,
anatoa blanketi, analinusa,
analisukuma chini kabisa ya kikapu, chini ya masufuria.

Nimemwona. Sisemi.
Kushoto, karibu na ukingo ambapo karatasi inaishia,
naandika: blanketi, moja.
Nafuta.
Mawili.